Mama Jipya na Kisigino cha Kushoto

Leo ni tarehe 14 Juni, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nifunge mzigo wangu, niage kwetu na kuja kutafuta kibarua katika mji huu. Miaka yote hiyo nimeimaliza ndani ya jengo hili hili, nikibeba majalada ya masjala kutoka chini kwenda juu, na kutoka juu kurudi chini. Mgongo wangu unaniambia ni miaka mingi. Lakini tarehe 30 mwezi huu anastaafu mtu aliyeingia kazini humu miaka thelathini na minne iliyopita, wakati baadhi yetu tulikuwa bado tunafundishwa kupenga kamasi, na sijawahi kumsikia akisema amechoka. Huyo ni mkaguzi wetu wa hataza, mwenye chumba cha mwisho ghorofa ya pili, ambaye sote tunamwita Mama Jipya.

Mkuu wa masjala ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nilimwambia awape wasomi, maana elimu yangu iliishia njiani. Akasema, "Wasomi wameshamwandika kwenye ripoti zao. Wewe umembebea majalada. Andika, ukifika pale njia inapoishia, simama." Basi nimeandika. Yote yaliyomo humu yako wazi, na wenyewe wanaohusika wameridhia yasemwe. Mkuu wa masjala ameyasoma, akafuta mawili matatu aliyoona yamezidi chumvi.

Mama Jipya alikuja hapa akiwa kijana, fundi mhandisi aliyetoka kwenye kiwanda cha pampu za maji. Anasema aliomba kazi hii kwa sababu alichoka kutengeneza pampu ile ile kila siku, akataka kazi ambayo kila asubuhi inakuja na kitu kingine. Walimpa meza, kiti kibovu na jalada la kifaa cha kufungulia mizinga ya nyuki. Kiti kilibadilishwa baadaye. Meza ni ile ile mpaka leo.

Kwa ndugu na jamaa watakaolisoma jarida hili bila kuijua kazi yetu, niseme kwa kifupi. Mtu akivumbua kitu, analeta ombi hapa ili apewe hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikiige. Mkaguzi anakaa na ombi hilo na kujiuliza maswali matatu. Je, kitu hiki ni kipya kweli, au kuna mtu mahali fulani duniani alishakitengeneza? Je, ni jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelifikiria tu akikuna kichwa? Na je, kimeelezwa vizuri kiasi kwamba fundi mwingine akifuata maelezo atakitengeneza na kitafanya kazi? Hilo swali la tatu watu wengi hulipita mbio. Mama Jipya hakulipita hata siku moja.

Jina lake la utani lilitokana na salamu. Ukipita mlangoni kwake asubuhi ukasema, "Za asubuhi, mama, kuna jipya?" anakujibu bila kuinua macho, "Bado nalitafuta." Siku akikuambia, "Lipo," ujue kuna mvumbuzi mmoja huko nje atalala usingizi mzuri.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyompa umaarufu, na ndiyo iliyowapa wafagizi wetu nafuu. Mama Jipya haamini mchoro. Anasema karatasi inakubali kila kitu, hata mlango unaofunguka kuelekea ndani ya ukuta. Kwa hiyo kila kifaa kinachokuja mezani kwake, kabla hajaandika neno, anakichonga kwa sabuni ya mche, kwa kisu kidogo cha kumenyea, akifuata mchoro mstari kwa mstari. Akishaelewa, anavitia vile vinyago kwenye kapu nje ya mlango. Ofisi hii imepigwa deki kwa bawaba, kwa vifuniko vya sufuria, kwa vali za pampu na kwa nusu ya cherehani. Mfagizi mmoja alinilalamikia kwamba jozi ya miwani ilimkwaruza mkono. Na Mkurugenzi aliyepita aliwahi kunawa mikono msalani, akatazama alichoshika, akakuta ni meno ya bandia, ya juu na ya chini, tena yenye povu. Alipiga ukelele uliosikika mpaka masjala. Mama Jipya alimwomba radhi, halafu akamuuliza kama ufizi ulikuwa unateleza, kwa sababu mwombaji alidai hautelezi.

Msidhani kwamba hakukosea kamwe. Aliwahi kumkatalia mzee mmoja mashine ya kupukuchua mahindi, akaandika kwamba ilishapatikana zamani. Mzee akaja mwenyewe na mashine kichwani. Akaiweka sakafuni, akazungusha mpini, punje zikaruka mpaka kwenye taipureta ya katibu muhtasi. Mama Jipya alichuchumaa akaitazama muda mrefu, akainuka, akasema mbele ya kila mtu, "Baba, nimekosea. Meno ya mashine yako yanarudi nyuma, ya zile za zamani hayarudi." Yule mzee alitaka kugombana, alikuwa amejiandaa kabisa, akaishia kuokota punje zake.

Lakini jambo lililonifanya nikubali kushika kalamu ni lile la kisigino cha kushoto. Nimeliwaza mara nyingi nikipanda ngazi na majalada begani, na kila nikiliwaza nashindwa kuelewa mtu anapata wapi kifua cha namna ile.

Lilikuja ombi kutoka kwa daktari wa mifupa wa hospitali kubwa. Alikuwa amebuni kipandikizi cha mguu. Ni kipande cha chuma cheupe cha titani, kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, kilichokatwa mistari ya kuzunguka kama skrubu. Kinaingizwa kwenye uwazi ulioko baina ya mfupa wa kisigino na mfupa ulio juu yake. Kuna watu wamezaliwa na unyayo bapa, hauna uvungu kabisa. Wakikanyaga sakafu yenye maji wanaacha alama kama ya kandambili. Wengine hawadhuriki, lakini wengine mguu unalala upande wa ndani, na kutembea kunakuwa adhabu. Kile kipande kinauzuia mguu usilale. Ni ubunifu mzuri kweli, na daktari alistahili sifa.

Sasa, wakati huo huo, Mama Chai wetu alikuwa na binti. Mama Chai mnamjua nyote, ndiye anayelitawala birika la ofisi hii kuliko Mkurugenzi anavyolitawala jengo. Binti yake alikuwa bado mdogo, akitoka shule anakuja kumngoja mama yake kwenye chumba cha chai. Mguu wake wa kulia ulikuwa hauna neno. Wa kushoto ulikuwa bapa na unamuuma, na shuleni watoto walimwita Bata. Alikuwa akijifanya hajali. Akiingia chumba cha chai anavua kiatu kwanza, ndipo anasalimia.

Asubuhi moja Mama Chai alipita chumba kwa chumba na birika, uso unang'aa. "Jamani, mwanangu anaacha kuwa Bata! Daktari atamwekea kidude kisiginoni. Atakuwa wa kwanza kabisa kuwekewa! Shule zikifunga tu!"

Tukampongeza. Alipofika chumba cha mwisho nilikuwa nimesimama pale na mzigo wa majalada. Mama Jipya aliuliza, "Mguu upi, Mama Chai?"

"Wa kushoto. Wa kulia Mungu aliumalizia."

"Wa kushoto," akasema Mama Jipya, na kikombe chake kikasimama hewani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi mezani. Niliona, nikadhani chai ni ya moto.

Niliyosikia baadaye kutoka kwa daktari na kwa Mama Jipya mwenyewe ni haya. Ombi la daktari lilikuwa mezani kwake siku ile ile. Alishachonga vipande viwili vya sabuni, kimoja akifuata mchoro wa mguu wa kulia, kingine akifuata mchoro wa kushoto. Alipoviweka pamoja vikawa kama jozi ya viatu, kila kimoja na mguu wake. Mistari ya skrubu ya hiki ilizunguka huku, ya kile ilizunguka kule. Lakini maelezo ya daktari yalisema kipande ni cha aina moja tu, kinafaa mguu wowote.

Kosa lilitokea hivi. Mchoraji alichora mguu wa kulia kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha, halafu ili apate wa kushoto akaigeuza karatasi, akachora upya kwa kufuata mistari iliyopenya. Ndivyo wachoraji wa viungo vya mwili wanavyofanya wote, maana mguu wa kushoto ni wa kulia uliogeuzwa. Lakini alipogeuza mguu, aligeuza na skrubu bila kujua. Kwenye karatasi kila kitu kikakaa sawa. Karakana yenyewe ilikata chuma cha aina moja tu, ya kulia. Na daktari hakugundua, kwa sababu mifupa ya kufundishia pale hospitalini ilikuwa imepoteza mguu wa kushoto miaka mingi, kwa hiyo majaribio yote aliyafanya kwenye wa kulia, na kwenye wa kulia kilikaa imara.

Ukitembea, kisigino kinajipinda kidogo kila hatua. Mguu wa kulia ukijipinda unaikaza ile skrubu. Mguu wa kushoto unajipinda upande mwingine, kwa hiyo skrubu ile ile unailegeza. Kila hatua kidogo, kila hatua kidogo, mpaka chuma kitoke mahali pake, katikati ya mishipa na kano za mtoto.

Haya Mama Jipya aliyajua. Na hakuweza kumwambia Mama Chai hata neno moja.

Kila anayefanya kazi humu, hata mimi mbeba majalada, amekula kiapo. Ombi la mtu halitamkwi nje ya wenye kulishughulikia mpaka lichapishwe. Ukiropoka, unaweza kumkosesha mvumbuzi haki yake yote, kwa kuwa jambo lililokwisha semwa hadharani haliitwi jipya tena. Mtu pekee wa nje ambaye mkaguzi anaruhusiwa kuzungumza naye juu ya ombi ni mwombaji mwenyewe.

Basi akaanza kumtafuta mwombaji. Mkuu wa idara alimwambia, "Mama, sisi tunakagua kama kitu ni kipya. Usalama wa wagonjwa una wenyewe." Akajibu kwamba swali la tatu ni letu, na kitu kisichoweza kufanya kazi kama kilivyoelezwa, hakijaelezwa. Akaruhusiwa kulitoa ombi kwenye foleni na kulishughulikia kwanza. Akaandika barua. Jibu likatoka kwa wakala wa daktari, yule anayemwandikia maombi ya hataza, limepigwa chapa vizuri, likisema mkaguzi ajibu juu ya upya wa kifaa na tiba awaachie matabibu. Akapiga simu hospitali. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Akapiga tena. Daktari yuko wodini. Shule zilikuwa zinakaribia kufunga.

Ndipo mama huyu, mkaguzi mwandamizi mwenye miwani na mkoba wa ngozi, alipokwenda hospitali alfajiri, akachukua kadi ya mgonjwa, akakaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa. Alikaa kati ya kijana mwenye bandeji ngumu na bibi mwenye magongo. Bibi akamuuliza, "Wewe mwenzetu umevunjika wapi?" Akasema, "Bado sijavunjika, naogopa kuvunjikiwa." Foleni ikisogea, anasogea nayo. Zamu yake ilipofika, daktari akiandika bila kumtazama, akamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi, daktari. Mimi ni mkaguzi wa ombi lako. Nakuomba kesho uje ofisini kwangu, na kama hutakuja, kesho kutwa nitakata kadi nyingine."

Daktari anasema alicheka, halafu akaona kwamba mama yule hacheki.

Asubuhi iliyofuata Mama Jipya alinikuta kwenye maegesho nikijiandaa kwenda posta na baiskeli ya ofisi. "Fungua pedali zote mbili," akaniambia, "halafu uilete baiskeli juu, chumba cha mahojiano."

"Mama, nina barua za kupeleka."

"Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Basi zitafika."

Nikazifungua, nikaibeba baiskeli ngazi mpaka juu, nikaambiwa niishike isianguke. Daktari alikuwepo na tai yake, na wakala wake na mkoba wake. Mama Jipya hakufungua jalada. Alimkabidhi daktari pedali moja, imejaa grisi, akamwomba aifunge upande wa kushoto.

Daktari ni mtu wa mikono. Alikunja shati, akainama, akazungusha. Haikushika. Akazungusha tena, akabana meno. Wakala akamtania, "Daktari, wewe uzoee visu vyako." Daktari akasema pedali imeharibika.

"Haijaharibika," akasema Mama Jipya. "Hiyo ni ya kulia. Ya kushoto ni hii."

"Kwa nini zisifanane? Si ni pedali tu?"

"Kwa sababu mtu anakanyaga, daktari. Zingefanana, ya kushoto ingejifungua yenyewe barabarani."

Daktari alibaki ameinama vile vile. Wakala alianza kusema neno, daktari akamwinulia mkono wenye grisi. Hapo Mama Jipya akaniambia nitoke na baiskeli yangu, kwa kuwa yanayofuata ni ya jalada. Nikatoka sijui nimeona nini. Niliporudi kutoka posta kwa miguu nilimkuta daktari mapokezi, koti kaliacha juu, anamwomba dada wa mapokezi simu ya ofisi. Mpaka leo simu ile ina alama ya grisi kwenye waya. Alisema maneno machache tu: "Ule upasuaji wa mtoto, ahirisheni. Ndiyo, ahirisheni. Kosa ni langu."

Laiti hayo maneno ya mwisho yangefika kwa Mama Chai. Yaliyomfikia ni kwamba daktari alikwenda ofisi ya hataza, na aliporudi akaahirisha. Kesho yake alisimama katikati ya ukumbi na birika mkononi.

"Nani humu ndani amemfungia mwanangu njia?"

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Vifaa vya tiba vinakaguliwa na mtu mmoja tu, na Mama Chai alilijua hilo kuliko sisi. Akaenda mpaka chumba cha mwisho. "Watu wengine Mungu kawapa miguu miwili mizima, halafu wanambania mtoto mmoja!"

"Pole, Mama Chai," akasema Mama Jipya.

"Pole yako haimtembezi mwanangu!"

Tangu siku hiyo kigari cha chai kilikuwa kikifika mlango wa mwisho kinageuza. Mama Jipya akaanza kuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani. Wengi wetu tulikuwa upande wa birika, na tulisema maneno ya pembeni ambayo mkuu wa masjala ameyafuta humu. Nilimwambia siku moja nikimpelekea majalada, "Mama, si useme tu kwamba si wewe, yaishe?"

"Lakini ni mimi," akanijibu, akaendelea kuchonga.

Hali hiyo haikuwa ya wiki wala mwezi. Ilipita mwaka, na zaidi. Daktari aliliondoa ombi lake la kwanza, akatengeneza vipande vya aina mbili, cha kulia na cha kushoto, akaleta ombi jipya, na ombi jipya nalo lilikuwa siri kama la kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema, maana siri ilikuwa yake. Hakusema. Wakala alimwambia asubiri, na mwenyewe amekiri kwamba aibu ilimshinda nguvu.

Mtoto hakuwa na kinyongo. Mama yake alimkataza kwenda mlango wa mwisho, kwa hiyo alikuwa akisimama hatua chache nje yake, kiatu kimoja mkononi, anauliza, "Bibi, kuna jipya?"

"Bado, mjukuu wangu. Lakini linakuja."

Hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote ambazo Mama Jipya aliwahi kuzivujisha katika miaka thelathini na minne, na sidhani kama kuna atakayemshtaki.

Mwishowe binti alifanyiwa upasuaji, akawekewa kipande cha kushoto, kilichokatwa kwa ajili ya kushoto. Mguu ukakaa. Mama Chai alifurahi mpaka akagawa chai mara mbili, lakini mlango wa mwisho hakuufikia, kwa kuwa kwa hesabu yake yule mama alikuwa bado ni mtu aliyempotezea mwanawe mwaka mzima wa kucheza.

Juma ambalo ombi lilichapishwa, daktari alikuja mwenyewe. Hakwenda kwa Mkurugenzi. Alikwenda chumba cha chai, akatoa vipande viwili mfukoni, akavilaza kiganjani, akamweleza Mama Chai yote, akionyesha kwa kidole mistari inavyozunguka. Mimi na wenzangu tulikuwa tumejazana mlangoni kama tuliokuja kudai vikombe.

"Kingetoka?" Mama Chai akauliza.

"Kingetoka."

"Akiwa anatembea?"

"Akitembea, akikimbia, wakati wowote."

"Na yeye alijua?"

"Ndiye aliyeniambia."

"Nilimtukana mbele ya watu. Akaniambia pole."

"Alikuwa amefungwa na kiapo, mama. Mimi sikufungwa. Mimi niliona haya tu."

Mama Chai alimimina chai kwenye kikombe, akaacha kigari, akatembea ukumbi wote ameshika kikombe kwa mikono miwili. Milango ikafunguka mmoja mmoja, vichwa vikatoka. Alifika mlango wa mwisho, akasimama, akakinyoosha kikombe.

Mama Jipya hakuinua macho kwenye kazi yake. "Umetia sukari?"

"Nimetia."

"Vijiko vingapi?"

"Vyote."

Yaliyofuata baada ya hapo hayafai kwenye jarida la wafanyakazi, kwa sababu watu wazima wawili walilia kama wamefiwa, na chai ilimwagika juu ya madai ya mwombaji wa mtego wa panya.

Nimefanya kazi nyingi za nguvu kabla ya hii. Nimebeba saruji, nimechimba mitaro, nimeshusha magunia. Nilidhani najua uzito. Sijaona mzigo kama ule alioubeba mama yule akipita ukumbini kila siku na chupa yake ya chai, akiwasalimu watu wanaomgeuzia kisogo, naye ana neno moja tu la kuwanyamazisha wote, na halitoi.

Wakaguzi vijana aliowafundisha sasa wako watano, na kila mmoja ana kisu chake cha kumenyea. Hataza ya kipandikizi kile ilitolewa, na daktari ananiambia sasa wanaotembea nacho ni wengi, wa kulia na wa kushoto. Mumewe Mama Jipya, ambaye wengi wenu mmemwona akimngoja getini na mwavuli, amejenga banda la kuku na amekwisha kuonya kwamba hataki likaguliwe. Mama Jipya amesema ataliangalia tu. Mzee, tunakuombea subira.

Mama, kwa niaba ya masjala, wafagizi, mapokezi, idara zote, na wale wavumbuzi uliowakatalia wakaja kukushukuru baadaye, tunasema asante. Mungu akupe pumziko refu, afya ya kulifurahia, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu anayekungoja umwambie kama kitu chake ni kipya. Ishi kwa raha, mama yetu.

Sherehe ni tarehe 30 mchana, ukumbi wa chini, wote mnakaribishwa. Mkurugenzi ametoa gari la kumpeleka mstaafu nyumbani, lakini binti wa Mama Chai, ambaye sasa ni msichana mkubwa na anacheza netiboli ya shule yake, amelikataa. Amesema yeye ndiye atakayemsindikiza bibi yake, na watakwenda kwa miguu mpaka nyumbani, na ni mwendo. Mimi siku hiyo nitakuwa kwetu, nimepata likizo yangu ya kwanza ya kueleweka, naondoka kesho kutwa. Mtakaokuwa getini nawaomba mmtazame vizuri yule binti anavyotembea mpaka apotee kwenye kona. Nategemea kurudi kazini Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na mtu wa kwanza nitakayemkuta itabidi anisimulie.